Faili la .dem la Counter-Strike 1.6: nalifanyaje liwe video ya kawaida?

Kibanda_Oli (Arua)

Salaam aleikum wakubwa. Nina kibanda cha gemu hapa Oli, Arua, na kuna faili limenitoa jasho.

Miaka ya nyuma, kabla vijana hawajahamia wote kwenye simu, tulikuwa tunacheza Counter-Strike 1.6 kwa kuunganisha kompyuta kwa waya. Kila Idi palikuwa na mashindano. Fainali moja iliisha kwa ugomvi. Ramani ni de_dust2, raundi ya mwisho, kila upande umebakiwa na mtu mmoja. Wa kwetu akapiga risasi kwenye ule mlango mkubwa wa katikati, na adui aliyekuwa nyuma ya mlango akaanguka. Walioshindwa wakapiga kelele kwamba ametumia programu ya kuona kupitia ukuta. Mwenyewe anaapa alisikia nyayo. Walikuwa wamewekeana mbuzi, na mbuzi hakuchinjwa.

Mashine aliyochezea ilishakufa, ubao wake uliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo. Lakini diski yake niliitunza kabatini. Juzi nimeichomeka kwenye laptop nikakuta faili linaitwa fainali.dem, megabaiti 9 tu. Jamaa alikuwa na mazoea ya kurekodi kila mechi. Sasa Idi inakuja, wote waliocheza watakuwepo mjini, nami nataka kuionyesha kwenye runinga ya kibanda mbele ya watu.

VLC hailifungui. Kijana anayenisaidia kazi alibadilisha jina likawa fainali.mp4, VLC ikanyamaza vilevile. Nikapata tovuti inayosema inageuza DEM kuwa MP4. Ikala bando langu kupakia, mwisho ikanirudishia picha moja ya kijivu.

Laptop ni ya Windows 10, RAM gigabaiti 4. Nina flashi ya gigabaiti 16. Naomba jina la programu ya kugeuza hili faili.

---

boda_wa_pikseli (Jinja)

Jaribu kulipa jina fainali.mbuzi, labda litafunguka kwa upishi.

---

Busia_Mpakani

Usijisumbue na kugeuza. Weka gemu, cheza hiyo demo ndani ya gemu, washa OBS irekodi skrini. Imekwisha. Mimi ndivyo ninavyofanya na kila kitu.

---

dada_fremu (Kampala)

Kaka wa Oli, salaam. Mimi kazi yangu ni kuhariri video za harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa), hapa karibu na Nasser Road, na usiku wateja wakiisha nafungua mafaili ya gemu za zamani. Kila mtu na ugonjwa wake. Busia amekuonyesha njia, ila ameipita mbio mno, na kuna mambo yatakukwamisha kabla hata hujaiwasha hiyo OBS.

La kwanza, programu ya kugeuza usiitafute, haipo. Ndani ya hilo faili hakuna picha hata moja. Kilichomo ni maneno ambayo seva ilikuwa ikiiambia mashine ya rafiki yako: fulani yuko hapa, anatazama kule, amefyatua, sauti hii imelia upande huu. Gemu ikisoma maneno hayo inachora kila kitu upya, kwa ramani na silaha ilizonazo yenyewe. Piga hesabu uone: picha moja ya 640 kwa 480 isiyobanwa ni baiti 921,600. Kwa picha 30 kila sekunde hiyo ni megabaiti 27 na nusu na ushee. Megabaiti 9 zako zingekuwa theluthi moja ya sekunde. Lakini mechi nzima imo humo.

Huu ni utaratibu wa zamani. Doom ya 1993 ilikuwa ikitunza vitufe alivyobonyeza mchezaji, basi. Quake ya 1996 ikaanza kutunza ujumbe wa seva, na Half-Life ya 1998 imejengwa juu ya mashine ya Quake. Counter-Strike nayo ilizaliwa ndani ya Half-Life mwaka 1999, hiyo 1.6 ikatoka 2003. Kwa hiyo .dem bila gemu yake ni bure. Na ile tovuti iliyokurudishia picha ya kijivu haikukutapeli sana: wachora ramani nao wana mafaili yao ya .dem, ya miinuko ya ardhi, wala hayana undugu na haya. Ilidhani umeipa milima.

La pili, usilete gemu ya kupakua popote. Hiyo diski ya kabatini bila shaka ina folda nzima ya Half-Life, ile yenye hl.exe, na ndani yake folda ya cstrike. Nakili yote kama ilivyo. Sababu ni kwamba matoleo ya 1.6 yanatofautiana lugha ya mtandao: ya zamani yanatumia protokali 47, ya baadaye 48. Demo ya moja ukiipa nyingine inaweza kukataa kucheza, nawe utakaa kulaumu faili bure.

Utajuaje yako ni ipi? Fungua Notepad, buruta fainali.dem uitupie ndani. (Irudishie jina lake kwanza, na usihifadhi chochote ukifunga.) Utaona takataka skrini nzima, lakini tazama mwanzo kabisa. Lazima paandikwe HLDEMO. Mbele yake kidogo, katikati ya alama za ajabu, utaona ama sifuri, yaani 0, ama mkwaju, yaani /. Sifuri ni protokali 48, mkwaju ni 47, kwa sababu kompyuta huzichora namba hizo mbili hivyo zinaposomwa kama herufi. Halafu linafuata jina la ramani, de_dust2, na mbele zaidi cstrike. Kama mwanzo hakuna HLDEMO, faili limeharibika au si la 1.6, rudi hapa tuongee.

La tatu, kurekodi. Weka fainali.dem ndani ya cstrike. Washa gemu ikiwa na -console, ukubwa 640 kwa 480 au 800 kwa 600, bonyeza kitufe kilicho chini ya Esc ufungue konsoli, yaani kidirisha cha kuandikia amri, andika:

viewdemo fainali

Hiyo itakuletea kidirisha cha kusogeza mbele na kurudi, uitazame yote na kujua tukio liko wapi. Ukishajua, kwa kurekodi tumia playdemo fainali, maana kidirisha kile hutaki kitokee mbele ya wageni.

Mechi nzima irekodi kwa OBS kama Busia alivyosema. Gemu ya 2003 haiwezi kuitesa laptop yako. Ila nakuomba jambo moja: katika mipangilio ya OBS chagua MKV, usichague MP4 ya kawaida. Umeme ukikatika na betri imechoka, MP4 isiyofungwa vizuri inakufa yote, lakini MKV unabaki na yote yaliyorekodiwa hadi dakika ile. Baadaye unaihamisha kwa FFmpeg, programu ya bure ya kugeuza video kwa kuandika amri, bila kupunguza ubora, ni kazi ya sekunde:

ffmpeg -i fainali.mkv -c copy fainali.mp4

Ile risasi ya ugomvi ni habari nyingine. Hiyo watu watataka kuiona polepole, na video ya OBS ukiipunguza mwendo itakuwa inarukaruka. Hapo tumia amri ya gemu yenyewe. Kabla ya kucheza demo andika kwenye konsoli:

bind F9 "startmovie risasi 120"
bind F10 "endmovie"

Kisha playdemo. Ukikaribia tukio bonyeza F9, likipita bonyeza F10. Gemu haitakimbia kwa saa ya ukutani tena: itasogeza muda kidogo, itachora picha, itaiandika kwenye diski, ndipo isogee tena. Itaonekana imegandaganda, usiogope, hata mashine dhaifu kabisa inatoa picha laini hivyo, kwa kuwa haina haraka. Utakuta BMP, yaani hizo picha moja moja zisizobanwa, zimemwagika ndani ya folda ya gemu. Halafu:

ffmpeg -framerate 30 -i risasi%04d.bmp -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p risasi.mp4

Umechora 120 kwa sekunde, unaonyesha 30 kwa sekunde, kwa hiyo ni mwendo wa robo. Tazama majina ya picha: zikiwa na tarakimu tano badala ya nne, andika %05d. Na hilo neno la yuv420p wengi huliona refu wakaliacha. Ukiliacha, video itacheza kwenye laptop yako, lakini runinga na simu nyingi zitaigomea, kwa sababu BMP ina rangi kamili na FFmpeg itaziacha hivyo.

Rekodi sekunde kumi na tano tu, usizidishe. Kwa 640 kwa 480 hizo peke yake ni kama gigabaiti 1.7 za BMP. Na ziandikie kwenye diski ya laptop, flashi ni nzito kuandika na itakuchelewesha mpaka Idi ipite.

---

Kibanda_Oli (Arua)

Dada, Mungu akuzidishie. Nimeona HLDEMO, na ni sifuri! Kijana wangu ameshangaa kuliko hata gemu yenyewe.

Folda ilikuwepo nzima, imewaka bila kusumbua. Nimeiona mechi na viewdemo, hata majina ya watu wengine nilikuwa nimeyasahau. OBS nimerekodi, MKV, imekaa vizuri. Ile ya robo mwendo nayo imetoka, laini kabisa.

Tatizo: ya robo mwendo haina sauti. Imenyamaza kabisa. Nimekosea wapi? Maana jamaa anadai alisikia nyayo, sasa bila sauti ushahidi uko wapi?

---

dada_fremu (Kampala)

Hujakosea. Katika gemu hii startmovie inatoa picha tupu, sauti haitoi. Ipo programu ya bure inaitwa HLAE ya kutengenezea filamu za Half-Life na Counter-Strike, hiyo inatoa na sauti katika WAV, lakini kwa shida yako ni kuita trekta lilime bustani ya dania. Wewe sauti unayo tayari ndani ya ile ya OBS. Waonyeshe kwanza mwendo wa kawaida wenye sauti, halafu robo mwendo kimya. Tena nyayo zilizovutwa mara nne zinageuka kuwa ngurumo, hakuna atakayezitambua.

Kuzikata na kuziunganisha usipate tabu, weka tu mbili tofauti kwenye flashi. Ukiwatumia walio mbali kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, usiitume kama video. Ukiituma kama video inakamuliwa mpaka yule adui nyuma ya mlango anakuwa doa.

---

Seva_Mbarara

Naingilia kidogo. Niliwahi kusimamia seva ya 1.6 ya hosteli huku Mbarara, na kesi za namna hii nimezisikiliza hadi usiku wa manane.

Kaka wa Oli, kabla hujawaita watu, jua faili hilo linaweza kusema nini na haliwezi kusema nini. Limerekodiwa kwenye mashine ya mpigaji mwenyewe. Basi lina macho yake tu. Kama alikuwa na programu ya kuona kupitia ukuta, hutaiona ndani ya demo hata ukiitafuta wiki nzima, kwa sababu programu ile inachora juu ya skrini yake na demo haitunzi skrini. Watu watatazama, wataona ukuta ni ukuta, watasema "haya, hakudanganya". Huo si ushahidi.

Na wale maadui waliokuwa upande mwingine wa ramani usiwatarajie. Seva ya 1.6 inampa mchezaji habari za watu walio katika sehemu ambazo kutoka aliposimama zingeweza kuonekana, basi. Ukitaka macho ya kila mtu ilibidi muwe na HLTV, ile inayorekodi mechi yote kutoka kwenye seva. Hamkuwa nayo, najua, sisi wenyewe ilituchukua muda kuijua.

Kinachosemwa na demo ni nukta yake ya shabaha. Hiyo imetunzwa jinsi alivyoiongoza kwa mausi. Rudi nyuma kabla ya risasi. Je, nukta ilikuwa inamfuata adui nyuma ya mlango, akisogea na yenyewe inasogea? Au ilikuwa imetulia sehemu moja, ikaruka ghafla kuelekea mlangoni, ikafyatua? Mdanganyifu humfuata mtu bila kujijua.

---

dada_fremu (Kampala)

Seva, nakubali yote isipokuwa moja. Umeipa nukta ya shabaha kazi kubwa mno. Kwenye dust2 ule mlango wa katikati kila mtu aliyecheza hata kidogo anaupiga risasi akiwa hana la kufanya, risasi inapita mbao vizuri tu. Nukta ikitulia pale haithibitishi usafi, ni mazoea.

Sauti ndiyo itakayosema zaidi. Nyayo za adui zikimfikia mchezaji zinaingia kwenye demo kama ujumbe mwingine wowote, pamoja na upande zilikotoka. Na kwenye 1.6 mtu akitembea ameshika Shift hatoi nyayo. Kwa hiyo swali ni jepesi: sekunde chache kabla ya risasi, nyayo zinasikika kutoka mlangoni au hazisikiki? Kama kuna kimya kabisa, rafiki yako atupe hadithi nyingine. Usitumie spika za runinga, chomeka hedifoni, kulia na kushoto zisichanganyike.

Jambo jingine, robo mwendo yako isichunguzwe picha kwa picha kama ya uwanja wa mpira. Mpangilio wa kawaida wa zamani wa 1.6 ulikuwa unapokea habari za seva mara 20 kwa sekunde. Wewe umechora 120. Yaani katika kila picha sita, moja ndiyo ina habari mpya ya adui yuko wapi, tano gemu imezijaza yenyewe kwa kukadiria njia kati ya hapa na pale. Akitokea mtu akasimamisha video na kusema "tazama, bega lilikuwa limetokeza", mwambie bega hilo limechorwa na kompyuta.

---

Kibanda_Oli (Arua)

Nimesikiliza na hedifoni za kijana wangu. Nyayo zipo. Hatua kama tatu hivi, kulia kidogo, kisha kimya, kisha risasi. Nukta ya shabaha ilikuwa imeelekea upande mwingine kabisa, ndiyo ikageuka.

Nimemwita mmoja wa walioshindwa asikilize kabla ya siku yenyewe, mtu mzima sasa, ana duka la vipuri. Akasikiliza, akavua hedifoni, akasema hizo nyayo ni za mpigaji mwenyewe. Nimechoka.

---

Seva_Mbarara

Za mpigaji mwenyewe zinasikika katikati, masikio yote mawili sawa, haziegemei kulia. Mwache asikilize tena, safari hii apindue hedifoni kwanza, la kulia liende kushoto. Zikihama upande, si zake.

---

Nyamwamba (Kasese)

Samahani kwa kuingilia kesi ya watu, lakini nimemsoma huyu dada na nina langu. Mimi najifunza u-VJ, kazi ya kutafsiri filamu kwa kuongea juu yake. Filamu za kutafsiri zimejaa, kila kona Kampala kuna VJ, nikaona nianze na hadithi za gemu: zile sehemu za filamu zinazokuja katikati ya mchezo. Nataka kuzitafsiri kwa Kiswahili watoto wa hapa kwetu wazione. Ila kwenye folda za gemu nakuta mafaili ya .bik. Hayo nayo hayana picha ndani?

---

dada_fremu (Kampala)

Hayo yana picha, mdogo wangu. Hayo ni video hasa, yamefungwa kwa namna yake tu. Inaitwa Bink, ya kampuni ya Marekani, RAD Game Tools, na gemu nyingi mno zimeitumia tangu 1999 kwa sababu inafunguka haraka bila kuichosha kompyuta. Call of Duty 4 ya 2007 inazo. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Epic Games mwaka 2021.

Kwako FFmpeg inatosha:

ffmpeg -i hadithi.bik -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -c:a aac hadithi.mp4

Lakini kabla ya hapo endesha ffprobe hadithi.bik (ffprobe inakuja pamoja na FFmpeg, inakuambia kilichomo ndani ya faili) usome majibu, kwa sababu wewe ni VJ na sauti ndiyo mali yako. Bink inaweza kubeba njia kadhaa za sauti ndani ya faili moja, kwa mfano muziki peke yake na maneno peke yake, au kila lugha na njia yake. FFmpeg usipoiambia itachukua moja na kuziacha nyingine. Ukikuta muziki umetengwa na maneno umeokota dhahabu: toa wa muziki, weka sauti yako juu yake, na hakuna Mmarekani atakayekuwa anaongea chini yako kama kwenye filamu zetu za kibandani. Njia ya pili ya sauti unaichukua hivi:

ffmpeg -i hadithi.bik -map 0:v -map 0:a:1 -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -c:a aac hadithi.mp4

Hesabu inaanza sifuri, kwa hiyo 0:a:0 ni ya kwanza. Ukikuta hakuna sauti yoyote, gemu imeiweka faili jingine, litafute kwenye folda za sauti.

Na kama watoto wataangalia kwa deki ya DVD yenye tundu la flashi, nyingi haziijui H.264, yaani namna ya kubana video inayotolewa na libx264 hapo juu. Deki hizo zinataka AVI ya namna ya DivX na sauti ya MP3:

ffmpeg -i hadithi.mp4 -c:v mpeg4 -vtag xvid -q:v 4 -vf scale=640:-2 -c:a libmp3lame -b:a 128k hadithi.avi

Flashi iwe FAT32, na kila faili lisizidi gigabaiti 4.

---

Nyamwamba (Kasese)

Gemu moja imekubali, muziki na maneno vimetengwa kweli, nimecheka peke yangu. Nyingine FFmpeg inasema haijui kilichomo. Jina linaishia .bk2. Nimeifungua na Notepad kama ulivyomfundisha huyo wa Arua, mwanzo kuna KB2.

---

dada_fremu (Kampala)

KB2 ni Bink 2, kizazi kingine. Ile ya kwanza inaanza na BIK. FFmpeg ya kawaida haiifungui Bink 2, usipoteze bando kutafuta toleo jipya. Pakua RAD Video Tools kutoka kwa wenyewe, ni bure, inakaa Windows. Chagua faili, bonyeza kitufe cha kugeuza, itoe AVI. Ikikuuliza kodeki chagua isiyobana kabisa, kisha hiyo AVI uilishe FFmpeg kwa amri ile ya juu. Geuza kipande kimoja, kigeuze MP4, futa AVI, ndipo uende kingine, maana kwa 1280 kwa 720 isiyobanwa kila dakika moja ni karibu gigabaiti 5.